Asiransi ya Mama-Mkwe

Neno la kwanza nililosikia nikiwa chini ya gari lilikuwa "asiransi", yaani bima.

Si "pole". Si "Mungu wangu". Mguu wangu wa kuume ulikuwa umebanwa kati ya ubavu wa gari na gogo la daraja, maji ya kijito yananipita mgongoni, gunia langu la mupunga limepasuka na punje zinaelea mbele ya macho yangu. Yule mzee akainama kuniangalia. Kofia yake ilikuwa bado imekaa sawasawa kichwani, kama ya asubuhi ya Idi. Akasema, "Binti yangu, usilie. Tuko na asiransi."

Nikamtukana. Mimi, mama wa kanisa, nikamtukana mwenye kuadhini msikitini, tusi la Kibangubangu ambalo mama yangu angenifinya kwa ajili yake. Akaitika "Amina" kama mtu aliyeombewa dua, akaenda kutafuta watu wa kuinua gari.

Hapo palikuwa mbele ya Wamaza, kwenye njia ya Kabambare, kwenye daraja la magogo ambalo Musafiri wa kamba, mwenye kufunga njia kwa kamba, anatoza watu wote wanaopita eti kwa kulitengeneza. Gogo lilikuwa limeoza tangu zamani. Lilizunguka chini ya mpira wa nyuma, gari ikalala ubavu polepole, kama mtu mzima anayetafuta upande mzuri wa kitanda. Mzee hakuwa anakimbiza. Hakuwahi kukimbiza. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, juu ya magunia, upande ule ilioamua kulalia.

Simtaji jina huyu mzee. Jina lake wanalo watoto wake, na amekwisha kufa, Mungu wake na wangu wampumzishe. Kasongo nzima ilimwita Mwazini, inatosha. Majina nitayataja ya wengine, wale wanaopaswa kutajwa. Musafiri nimekwisha kumtaja. Wako wengine.

Mwazini hakuwa na sauti nzuri. Wageni walishangaa: katika mji wenye misikiti kama Kasongo, ni nani alimpa mtu huyu kazi hii? Sauti yake ilianza kwa kukwaruza, ikakohoa, ikakatika, halafu ghafla ikashika na kupanda. Ilikuwa sawasawa na gari yake ikiwashwa asubuhi ya baridi. Mume wangu alikuwa akisema kitandani, "Huyo sasa ni mzee au ni gari?" Nami namjibu, "Ngoja. Ikitoka moshi ni gari." Lakini sisi wa kanisa tuliamka kwa yeye. Padri mwenyewe alisema kengele yake inafuata saa ya Mwazini.

Nilimjua kwa meza yangu. Meza yangu ya karanga na vitumbua ilikuwa ng'ambo ya barabara, ukitazama msikiti wake. Alinunua vitumbua kila siku, na kila siku alisema vya jana vilikuwa vikubwa zaidi.

"Baba Mwazini, jana ulisema vya juzi ndivyo vikubwa."

"Ndiyo. Vinapungua kila siku, binti. Kesho utaniuzia harufu."

Gari yake aliiita Mama-Mkwe. Haukuwa mzaha kwake, ingawa sisi tulicheka. Ilikuwa gari ya miraba, ya zamani sana, mgongo wake turubai, imepakwa kwa burashi rangi ya kijani iliyobaki walipopaka milango ya msikiti. Ilitoka wapi? Wakristo aliwaambia mapadri ndio waliomwachia. Waislamu aliwaambia aliinunua kwa mwenye pamba aliyerudi kwao. Huyo ndiye mtu aliyewafukuza watoto kwenye baraza ya msikiti kwa sababu ya uongo wa goroli! Nilipombana siku moja, akasema, "Umri wa mama-mkwe hauulizwi, na kwao hakuulizwi. Unaoa, unanyamaza."

Na adabu za mama-mkwe zilikuwepo zote. Hupigi mlango kwa nguvu, unausukuma kwa kiganja kama unafunga chumba cha mgonjwa. Hutemi mate dirishani. Kabla ya kuwasha, yeye mwenyewe aligonga kapo, kifuniko cha injini, kidogo kwa vidole, akasema, "Salaam aleikum, mama." Kubwa kuliko yote: hakuna kula ndani. Kwetu mwanaume hali mbele ya mama-mkwe wake, basi na ndani ya gari hakuna aliyekula, si mwanaume, si mwanamke, si bibi-arusi mwenye njaa. Nilimwona akiisimamisha gari katikati ya pori ili mgonjwa ashushwe, anywe uji chini, apandishwe tena.

"Baba, mtu anakufa huyu," ndugu wa mgonjwa wakasema.

"Hatakufa kwa uji," akasema. "Na akifa, atakufa na adabu."

Hakufa. Mpaka leo anauza chumvi sokoni.

Wenye pikipiki walimcheka njia nzima. Huku kwetu ni pikipiki na kinga tu, yaani baiskeli, na mwenye kinga akisukuma mafuta ya ngazi, mawese, alikuwa anaweza kumpita. Motari mmoja akikaribia alipiga kelele, "Baba Mwazini, utafika lini Kabambare?"

"Nitafika muzima," anajibu. "Wewe utafika lini, muulize daktari."

Lakini mke wa motari huyo alipozidiwa na uchungu wa kuzaa, hakupakiwa kwenye pikipiki. Alipakiwa kwa Mama-Mkwe. Ile gari ndiyo ilibeba maarusi wetu, wagonjwa wetu, viti vya kanisa wakati wa Pasaka, na maiti wa dini zote. Hakutoza mtu. Ulileta mafuta ya kuendeshea, na ulikanyaga kidato cha nyuma kwa mguu safi. Mimi nilikaa nyuma sikuzote, juu ya magunia yangu. Kiti cha mbele kilikuwa cha maarusi na wagonjwa, na mimi, alisema, sikuwa mmoja wala mwingine.

Sasa jambo la asiransi. Mtu huyu aliyetuita kila siku tumtegemee Mungu hakukosa mwaka kukata asiransi kwa kampuni ya Kindu. Ile ndogo, ya lazima, ambayo polisi anaitafuta kwenye kioo. Watu walimchokoza barazani.

"Mwazini, unatuambia Mungu anatosha. Mbona wewe unaongeza mutu wa Kindu?"

"Mungu ananilinda mimi," akasema. "Asiransi inawalinda ninyi dhidi yangu."

Alikuwa anaamini hivyo kweli. Ukimgonga mtu, alisema, huwezi kumlipa kwa dua. Lakini ile ndogo ilimuuma kwa kitu kimoja: inamlipa mtu wa barabarani, haimlipi aliye ndani. "Naweza kubeba mutu akiwa mugonjwa nikamushusha akiwa kilema," alisema, "na sina la kumupa." Aliwaza jambo hilo muda mrefu. Ndiyo maana alipokuja Kizito, alimkuta tayari.

Kizito. Nataja: Kizito, ajenti wa asiransi, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Kindu akivaa viatu vyenye ncha, kila kiatu kimefungwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya matope. Alivua mifuko mbele ya meza yangu, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Mtu mwenye kulinda viatu vile, nilisema moyoni, atalinda na watu. Ona ujinga.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, baraza imejaa. Kizito akazunguka gari. Akapiga ubavu kwa kidole. Akasema, "Muzee, hii ile kubwa ya kulipa kila kitu hatuwezi. Kampuni haipokei gari ya umri huu. Ikianguka, tutakulipa bei ya vyuma."

Ungemwona Mwazini! Kama ametukanwa mama-mkwe kweli.

"Vyuma?" akasema. "Wewe ukianguka, tuwalipe watu wako bei ya mifupa?"

Watu wakacheka. Kizito naye akacheka, mjanja, akaona huyu mzee anashikwa na nini. Akasema, "Bon, muzee, iko ingine. Iko asiransi ya magari ya kale, ya heshima. Ulaya wako nayo. Tunakubaliana bei mbele, wewe na mimi, na bei hiyo haishuki hata gari ikizeeka. Lakini gari ilale chini ya paa. Isitoke kila siku. Na iendeshwe na mutu mumoja tu."

Mwazini akatugeukia sisi sote, uso unawaka. Kila sharti lilikuwa limeshonwa kwa kipimo chake! Paa lilikuwepo, kibanda ubavuni mwa msikiti, kizuri kuliko nyumba yangu. Kutoka kila siku haikuweza hata ingetaka. Na mtu wa pili kushika volani? Mwanawe mwenyewe hakuruhusiwa hata kupiga klaksoni.

"Tupime bei," akasema.

Na hapo wazee wetu walifanya jambo ambalo sijui kama limefanyika mahali pengine. Kizito alitoa simu atafute bei za magari. Hawakumtazama. Walianza kuipima Mama-Mkwe kwa watu aliowabeba. Mzee mmoja akasema, "Ilimubeba mke wangu, akazaa mapacha wazima. Wekeni mapacha." Mwingine, "Ilimurudisha maiti ya baba kutoka Kabambare, hatukumuzika ugenini. Weka hiyo." Muuza kanzu akasema harusi ya binti yake isingekuwa harusi. Mimi nikapaza sauti toka ng'ambo: "Na mupunga wangu!" Mwazini akanijibu bila kugeuka, "Mupunga wako toa, unapunguza bei."

Wakabishana mpaka wakakubaliana: gari ile ni sawa na nyumba ya matofali yenye mabati, kando ya soko, na kisima chake. Kizito akajikuna shingo, akakata kisima, akakubali.

Halafu Mwazini akauliza lile lililokuwa moyoni mwake.

"Na watu?"

"Watu gani, muzee?"

"Walio ndani. Mugonjwa, arusi, yule mama pale mwenye mupunga. Gari ikilala juu ya mutu, munamutunza?"

"Watu wamo," akasema Kizito.

Kwenye baraza ile kuna desturi. Ukitoa neno la kushika, ndoa au shamba au deni, unasimama, unawageukia watu, unalirudia kwa sauti. Hapo ndipo neno limefungwa. Mwazini akamwambia, "Simama, sema kwa sauti, hata wa kanisa wasikie." Akaninyoshea kidole.

Kizito akasimama na viatu vyake. Akatugeukia. "Watu walio ndani ya gari wamo katika asiransi!" Nilisikia nikiwa na karanga mkononi. Mtaa mzima ulisikia.

Toka siku hiyo mzee alikuwa hakukaliki naye. Tulimcheka, "Mwazini amemkatia mama-mkwe asiransi ya Ulaya, mkewe hana hata dawa ya malaria!" Mkewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Mzee mwenyewe akatembea kifua mbele. Alianza kuwaambia abiria, kabla ya kuwasha, baada ya kugonga kapo: "Msiogope. Muko na asiransi." Hata maiti mmoja aliambiwa.

Na Kizito? Pikipiki yake iliharibika siku ileile ya baraza, naye alitaka kwenda Kabambare kuwauzia wenye duka na wenye pikipiki. Akapanda gari ile. Kiti cha mbele, cha maarusi na wagonjwa! Mimi nilikuwa nyuma na magunia, nimesikia na kuona yote. Alikuwa amenunua karanga kwangu, zenye maganda, kifuko kizima. Tulipopita Wamaza nikasikia: ka, ka, ka. Anapasua.

Mwazini akasimamisha gari.

"Unakula?"

"Karanga tu, muzee."

"Mbele ya mama-mkwe?"

Kizito hakuelewa, akadhani ni mzaha. Alipoona uso wa mzee akaona haya, akayasukuma maganda harakaharaka ndani ya kisanduku cha mbele, pale Mwazini alipoweka kitambaa chake cha kufutia kioo, akakifunga. Halafu, ili kutuliza, akapiga dari kwa kiganja akasema, "Twende, muzee, hakuna shida! Leo hata mimi niko ndani ya asiransi yangu mwenyewe!" Mwazini akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka nyuma. Tukavuka lile daraja la magogo, gogo likalia chini yetu, tukafika salama, na Kizito akashuka, akavaa mifuko yake viatuni.

Gogo lilitungoja safari nyingine, msimu wa mvua.

Walinirudisha Kasongo kwa pikipiki, nimefungwa kati ya watu wawili kama gunia. Daktari wa pale alifanya alichoweza. Mguu uliungana, lakini uliungana vibaya, umepinda chini ya goti, na akaniambia wazi: uvunjwe tena Bukavu na kutiwa chuma, ama utatembea hivi mpaka kaburini. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Meza ya karanga haitibu mguu Bukavu. Lakini sikulia, kwa kuwa Mwazini alikaa kando ya kitanda changu kila siku na kusema lilelile neno lake. Tuko na asiransi, binti. Na mimi, niseme nini, niliamini.

Kizito akaja. Akapiga picha gari, iliyovutwa na vijana mpaka chini ya paa lake. Akapiga picha daraja. Mguu wangu hakuupiga. Akaenda pembeni kusema kwa simu na mkubwa wake, Direkta Leopold wa Kindu, kisha akarudi anaangalia viatu.

"Muzee, gari ya kale, kwa asiransi ile, ni gari ya kutazama. Ya maonyesho. Haibebi watu. Kama imebeba watu, imetoka nje ya masharti. Hata nyumba ya mabati haitalipwa."

"Ya kutazama?" akasema Mwazini. "Huku Kasongo, nani anatazama gari? Tunatazama kama imefika!"

"Ndivyo Direkta anasema."

"Na wewe ulisema nini barazani?"

"Mimi nilisema gari iko na asiransi."

Alisema hivyo mbele yangu. Nilikuwa kwenye mkeka, mguu umenyoshwa. Sikupata tusi la kumtosha, hata Kibangubangu. Tulimpigia Leopold. Akasema tuandike Kindu. Tuliandikiwa na mwalimu wa shule, kwa Kifaransa kizuri. Kindu ikanyamaza.

Mwazini alibadilika baada ya hapo. Hakuacha mzaha, ila ulikuwa mzaha wa mtu anayetafuta kitu mfukoni huku anaongea. Alitaka kuiuza Mama-Mkwe kwa wanunuzi wa vyuma ili nipelekwe Bukavu. Wakaja, wakampa bei. Nilipewa habari na mkewe, nikaenda kwa fimbo nikamkataza. Bei ile ingenifikisha nusu ya njia, na mji ungebaki bila hata gari ya kuja kutengenezwa. "Wewe unakataa kwa kiburi," akaniambia. Nikamwambia, "Nakataa kwa hesabu." Akasema vitumbua vyangu siku hizi vimekuwa vidogo kuliko mguu wangu.

Mara ya mwisho kumwona kwa mazungumzo ilikuwa adhuhuri, kabla ya mwezi wa mfungo. Kijana mmoja alikuwa anaadhini mahali pake. Koo la mzee lilikuwa limeshikwa na ugonjwa, sauti yake imebaki upepo tu. Nilimkuta ameketi ndani ya gari chini ya paa, nyuma ya volani, dirisha wazi, kanzu safi, kama anayengoja abiria. Rangi ya kijani aliirudishia ubavuni kwa mkono wake. Daraja lilelile lililokunja mfupa wangu lilikuwa limekunja na chuma cha gari, naye hakuwa na fundi wa kuvinyosha vyote viwili.

Akaniashiria nipande. Nikaenda nyuma kwa mazoea. Akatikisa kichwa, akapiga kiti cha mbele kwa kiganja.

"Mimi si arusi, Baba Mwazini."

"Uko mugonjwa," akanong'ona. "Hatimaye."

Nikasukuma mlango kwa kiganja. Tukakaa. Akasikiliza yule kijana hadi mwisho, akanong'ona kwamba sauti ni nzuri mno, watu watalala.

Kisha akafungua kile kisanduku cha mbele. Mle ndani kulikuwa na kitambaa cha kufutia kioo, na juu yake maganda ya karanga. Karanga zangu, nazijua, za shamba la Wamaza, ganda jembamba lenye michirizi. Mtu yule aliyefagia gari kila siku, aliyemshusha mgonjwa anywe uji chini, aliacha uchafu wa chakula mbele ya mama-mkwe wake muda wote ule.

"Kwa nini hujatupa?" nikauliza.

"Gari haibebi watu," akanong'ona. "Basi nani alikula?"

Alianza kucheka, kikatoka kikohozi, nikamshika bega. Kilipokwisha akafunga kisanduku polepole. Akasema, "Sauti yangu imekwisha, binti. Wewe yako ingali inatukana vizuri. Utamuuliza."

Alizikwa mwezi uleule wa mfungo. Walimbeba mabegani. Mimi nilifuata nyuma kwa fimbo mpaka mwili wangu ukakataa, nikakaa kwenye jiwe. Gari iko palepale chini ya paa. Maganda yako mle, mkewe hakubali mtu ayaguse.

Kwa hiyo nauliza, kama nilivyoagizwa. Musafiri wa kamba, magogo ya daraja letu uliyanunua wapi, kwa maana hatujayaona? Direkta Leopold, kama gari yetu ilikuwa ya kutazama, nani kati yenu aliwahi kuja kuitazama kabla haijalala juu yangu?

Na wewe Kizito. Siku ile tulipopita Wamaza, ukiwa kiti cha mbele unapasua karanga zangu, ukapiga dari na kujisifu, ndani ya gari ambayo leo unasema haibebi watu: wewe ulikuwa nini? Usinijibu kwa simu. Usitume mtu. Njoo Ijumaa, vua mifuko yako viatuni, usimame pale pale barazani uliposimama, utugeukie, ujibu kwa sauti, hata wa kanisa wasikie.